Tukitazama Ukuta

Machi 4

Mvua za kwanza zimenyesha leo asubuhi, nami leo hii nimechukua fomu ya kuomba chama changu kiniteue kugombea udiwani wa kata yetu. Nayaweka mambo haya mawili katika sentensi moja kwa makusudi. Yote mawili yatachukua msimu mzima, na sitaki mtu aje aseme kwamba lolote kati yake lilinikuta sijajiandaa.

Ofisi ya tawi ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Ina benchi, kabati la chuma ambalo droo yake ya chini haifungi, na kalenda za miaka iliyopita ambazo hakuna anayethubutu kuzibandua kwa sababu zina picha za viongozi. Katibu wa tawi ni mjomba wangu, ndugu yake Mama wa tumbo moja.

"Mpwa wangu," alisema bila kuinuka, "hii ni fomu ya udiwani. Ile ya kuombea kazi hatunayo hapa."

"Hiyo hiyo ndiyo ninayoitaka, Mjomba."

"Na Mheshimiwa umemwambia?"

"Kanuni inasema nimwombe ruhusa anayekikalia kiti?"

"Kanuni haisemi. Mimi ndiye ninayesema."

Hata hivyo alinipa. Mhuri wa kwanza ulitoka umefifia, akagonga wa pili kwa hasira, meza ikatikisika.

Mheshimiwa ni diwani wetu wa vipindi viwili mfululizo. Pia ni mwenyekiti wa kamati ya soko. Katika vipindi vyote viwili mfereji wa soko haujazibuliwa hata mara moja, na hiyo ndiyo hoja yangu ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Machi 5

Mvua. Viatu vyangu vya mahafali vimeachia soli.

Machi 8

Nimemweleza Mama. Nilikuwa nimepanga kumweleza kwa utaratibu, nikianza na hali ya huduma za jamii katani, lakini habari ilikuwa imeshamfikia kupitia kwa Mjomba. Mama ni fundi cherehani, na tangu nihitimu shahada ya utawala wa umma kazi yangu ni kumshonea vifungo nikisubiri ajira. Hakusimamisha mguu wake kwenye cherehani.

"Kibanda hiki cha nani?"

"Cha halmashauri."

"Mkataba wangu unaisha lini?"

"Mwezi wa sita."

"Anayepanga nani abaki na nani aondoke?"

"Kamati ya soko."

"Mwenyekiti wake?"

"Mheshimiwa."

"Basi hawakukudanganya chuoni, umesoma vizuri. Nipe uzi mweusi."

Baadaye, akikunja nguo za wateja, aliniambia kwamba siku ya uteuzi yeye atakuwa kazini. Kadi ya chama anayo, ada amelipa, lakini miguu ni yake. Sikubishana naye. Ninaamini atabadili mawazo, na ninaamini hivyo kwa sababu nina sababu nzuri, ambazo nitamweleza moja baada ya nyingine mvua ikipungua.

Machi 13

Nimepata mkuu wa kampeni. Ni Kinyozi, mwenye kibanda cha tatu kutoka cha Mama, mtu ambaye akianza kuzungumza mteja husahau alikuja kunyoa nini. Amenibatiza jina la Digrii, na jina limeshika soko zima.

"Digrii, mimi nakuhakikishia," alisema, wembe ukiwa juu ya shingo ya mtu. "Hapa hapakai kichwa bila mimi kukipigia debe. Ndiyo au siyo, mzee?"

Mzee mwenye shingo alikubali haraka sana.

Machi 16

Hotuba ya kwanza, mbele ya wanachama wapatao ishirini kwenye stoo ya mkaa. Nilizungumza vizuri. Kinyozi ana maoni tofauti.

"Umesema mustakabali mara nne. Bibi mmoja ameniuliza, huyo Mustakabali naye amechukua fomu?"

"Nitalirekebisha."

"Sema kesho. Kesho kila mtu anaijua."

Nimelifuta neno hilo katika kurasa zote. Limebaki moja, mwishoni, ambapo kwa kweli linahitajika.

Machi 20

Mfereji umefurika. Maji yameingia kibandani hadi kwenye pedeli ya cherehani. Tumeinua vitambaa juu ya meza, Mama amesimama juu ya kiti akiwa ameshika gauni la harusi la mtu kama bendera. Mimi nilikuwa nateka maji kwa beseni huku nikitunga aya ya hotuba.

"Acha kutabasamu," Mama alisema.

"Sitabasamu, Mama."

"Unatabasamu. Maji yamekuletea kura, mimi yameniletea ukungu."

Ilikuwa kweli. Nimeiandika hapa ili nisiisahau.

Machi 25

Mheshimiwa amenitembelea kibandani. Alikuja peke yake, suruali imekunjwa hadi kwenye magoti, akavuka matope akimsalimia kila mtu kwa jina, na majina ya watoto wao, na ugonjwa wa mwisho wa kila mtoto. Alikaa kwenye kigoda cha wateja.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu. Fundi, habari za kazi?" Mama alijibu nzuri, macho kwenye sindano. "Nimesikia binti yetu anakitaka kiti. Nimefurahi. Kiti kizuri kile, ila kina msumari. Mimi ninayekikalia ndiye ninayejua ulipo."

"Nitakuja na nyundo, Mheshimiwa."

Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akatazama juu, paa la bati, akatazama ukuta, akatazama cherehani. Hakusema chochote kuhusu kibanda. Aliaga, akaenda zake. Mama alishona mshono ule ule mara tatu.

Nilikuwa nikimwona kama mtu mzembe tu. Leo nimemwona kama mtu hodari, na naona ni heri nimejua mapema.

Machi 26

Mvua. Vifungo.

Aprili 2

Leo niliitwa kwenye kikao ambacho barua ilikiita cha maridhiano, ingawa sijagombana na mtu. Walikuwapo Mwenyekiti wa tawi, Mweka Hazina na Mjomba. Benchi lilikuwa limehamishwa ili mimi nikae peke yangu upande wa dirisha linalovuja.

Mwenyekiti alianza kwa kuisifu elimu yangu. Alipoendelea kuisifu nikajua kuna jambo. Jambo lenyewe ni kwamba nafasi ya ukatibu wa vijana wa wilaya iko wazi. Ina ofisi, ina mshahara, ina hata pikipiki. Ninachotakiwa kufanya ni kuandika mstari mmoja wa kujitoa, Mheshimiwa apite bila kupingwa, na chama kibaki kimoja.

"Chama kitabaki kimoja hata tukihesabiwa, Mwenyekiti."

"Binti, kuna kushindana na kuna kuaibishana."

"Wazee wangu, nawaheshimu wote watatu. Lakini mtu anayepita bila kuhesabiwa hajui ametumwa na nani. Mimi nikishindwa nitamuunga mkono Mheshimiwa kwa sauti kubwa kuliko ya kila mtu hapa. Ila kwanza tuhesabiwe."

Sentensi ile ya kuhesabiwa niliiandaa asubuhi nikiwa nashona vifungo, na ilitoka bila kukwaruza. Mweka Hazina alitikisa kichwa kukubali kabla ya kukumbuka alikuwa upande gani.

Mjomba alinisindikiza hadi mlangoni. "Mpwa wangu, pikipiki! Wewe na viatu hivyo!"

Ninakiri kwamba njiani, nikiruka madimbwi, niliifikiria ile pikipiki kwa kirefu. Nilipofika sokoni nilikuwa nimemaliza kuifikiria.

Aprili 6

Tangazo limebandikwa: uteuzi utafanyika Aprili 18, uani kwa shule ya msingi, kwa utaratibu wa mlolongo. Karatasi za kura hazitatumika. Kila mwanachama atasimama wazi nyuma ya mtia nia anayemtaka.

Nimekwenda ofisini kuulizia. Mjomba amenieleza kama anayemweleza mgeni. Watia nia wawili watasimama mbele, uso kwa ukuta, wasione anayekuja nyuma yao. Filimbi ya kwanza, watu wanajipanga. Filimbi ya pili, wanajihesabu wenyewe kwa sauti, kila mtu anataja namba yake kuanzia mbele. Mtia nia akigeuka kabla ya hesabu kwisha, atahesabiwa amejitoa.

"Kwa nini wasione, ilhali watu wote wengine wanaona?"

"Ndiyo kanuni."

"Mama mwenye kibanda cha halmashauri atasimamaje wazi nyuma yangu, Mjomba, Mwenyekiti wa tawi akiwa pale anatazama?"

Hapo Mjomba aliacha kupanga karatasi zake. Huyo mama ni dada yake. "Mimi nimetumwa kubandika," alisema. "Nimebandika."

Nimeandika pingamizi la kurasa nne nikitaka sanduku la kura na karatasi za siri. Ni maandishi bora kuliko yote niliyopata kuandika, tasnifu yangu ikiwemo.

Aprili 8

Jibu la pingamizi, kwa kalamu ya Mjomba, pembeni mwa ukurasa wa kwanza: "Imesomwa. Utaratibu ubaki."

Kurasa tatu zilizobaki hazina hata alama ya kidole.

Aprili 12

Nimepita vibanda vyote, kimoja kimoja. "Tuko pamoja, Digrii." "Tumechoka na maji, Digrii." Kila mtu yuko pamoja nami akiwa ndani ya kibanda chake. Nikiuliza kuhusu tarehe kumi na nane, watu wanaanza kutafuta kitu chini ya meza.

Kinyozi pekee ndiye hatafuti kitu. "Mimi nitakuwa nyuma yako, wa kwanza kabisa. Ukisikia pumzi shingoni, ujue ni mimi."

Nilimweleza kwamba hilo limenipa moyo. Nilimaanisha.

Aprili 15

Nimefanya mazoezi ya kusimama nikitazama ukuta. Mama alinikuta nimeganda mbele ya ukuta wa jikoni.

"Umeadhibiwa na nani?"

"Najizoeza kutogeuka, Mama."

Alipita nyuma yangu na sufuria, akaidondosha kwa makusudi. Niligeuka.

"Kwaheri, diwani," alisema, akaokota sufuria yake.

Tumerudia mara nyingi. Amedondosha kifuniko, kijiko, mwiko, akaita jina langu kama anayeungua. Kufikia jioni sikuwa nageuka tena. Tulicheka sana, kisha nikamuuliza kuhusu Jumamosi. Akasema Jumamosi ana sare za shule za kumaliza.

Aprili 17

Mawingu tu. Sina la kuandika, nami nimelala mchana.

Aprili 18

Naandika haya nikiwa nimebadili nguo.

Asubuhi ilikuwa kavu kabisa. Uani kwa shule palijaa watu wenye kadi mkononi, karibu mia moja na hamsini. Msimamizi kutoka wilayani ni mama mmoja mrefu mwenye filimbi shingoni na sauti isiyohitaji filimbi. Alitupigia kura ya pande. Mheshimiwa alipata upande wa wazi, uwanja mpana mpaka kwenye mlingoti wa bendera. Mimi nilipata upande wa baraza la madarasa, mwembamba, chini ya paa.

"Wamekupa uchochoro," Kinyozi alininong'oneza. "Watu watadhani kwako hakuna nafasi."

"Wapange wawili wawili."

"Digrii, mlolongo wa wawili wawili ni maandamano."

Tukasimama kwenye ukuta wa stoo ya shule, mimi na Mheshimiwa, tukiwa na nafasi ya mlango mmoja kati yetu. Filimbi ya kwanza ikalia. Nyuma yangu nikasikia miguu, mingi, kila upande. Mtu akiwa ametazama ukuta hawezi kujua miguu inakwenda wapi. Inafika karibu, halafu inakuwa mbali. Nilingoja pumzi ya Kinyozi shingoni. Sikuisikia, nikajiambia kwamba labda anawapanga wengine.

"Digrii."

Alikuwa Mheshimiwa, naye ametazama ukuta wake.

"Naam, Mheshimiwa."

"Rangi hii tulisema ipakwe mwaka juzi. Tazama inavyobanduka."

"Tunaruhusiwa kuzungumza?"

"Kanuni inakataza kugeuka. Midomo haikutajwa. Naijua vizuri, niliiomba mimi."

Nilitamani kumtazama. Sikumtazama.

"Aliyekuwa diwani kabla yangu," aliendelea, "alikuwa anasimama amewageukia watu. Anamtazama mmoja mmoja mpaka mtu anahama mwenyewe. Mimi nilikuwa kijana, sina kitu. Nikasema mkutanoni, huyu bwana naye atazame ukuta. Watu wakacheka, wakapitisha. Siku hiyo nikashinda."

"Kumbe kanuni bora kuliko zote za tawi hili ni yako."

"Ungeiandika kwenye ile barua yako."

"Umeisoma?"

"Mjomba wako alinionyesha nakala. Kurasa mbili. Ya tatu ilinipa usingizi."

Alikuwa wa kwanza kuvuka ukurasa wa kwanza. Nilikuwa natafuta jibu linalofaa mvua ilipoanguka. Haikutanguliwa na manyunyu. Ilikuja yote kwa pamoja juu ya bati, tukawa hatusikii kitu kingine. Kisha chini ya kelele ile nikasikia miguu inakimbia, miguu mingi, kutoka upande wake kuja upande wangu.

Nilielewa mara moja: upande wangu una paa. Sijui kama yeye alielewa. Nilimsikia akivuta pumzi. Alisema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, sauti ndogo, "Wanakwenda wapi?" Halafu, "Digrii, wanakwenda wapi hawa?"

"Usigeuke, Mheshimiwa," nilimwambia.

Aligeuka.

Filimbi. Filimbi ndefu. Mvua iliendelea. Sauti ya Msimamizi ilipita juu ya bati.

"Mtia nia wa upande wa kulia amegeuka kabla ya hesabu. Kwa kanuni, amejitoa. Anayebaki ni mmoja. Mtia nia wa kushoto amepita bila kupingwa."

Mtu alianza kupiga makofi. Mwingine akapiga kelele kwamba wamehamia chini ya paa tu, hawajamhama mtu. Mjomba alikuja mbio mpaka ubavuni kwangu, shati limemganda mwilini. "Mpwa wangu, umepita! Nyamaza hapo hapo, usiseme kitu, umeshapita!"

Nitaandika kwa uaminifu nilichofikiri. Nilifikiri kwamba ni kanuni yake, shingo yake, kosa lake. Nilifikiria mfereji na gauni la harusi juu ya kiti. Nilijua nikinyamaza tu, nimekipata kile nilichokitaka tangu mvua ya kwanza. Kisha nikakumbuka benchi lile karibu na dirisha linalovuja, na nilichowaambia wazee. Pale niliikataa pikipiki. Leo nilikuwa naletewa pikipiki hiyo hiyo, ila mimi ndiye ninayepita.

"Mheshimiwa Msimamizi," nilisema kwa ukuta, kwa sauti niliyoiandalia hotuba ambayo sikuitoa, "naomba tuhesabiwe."

"Unasemaje?"

"Sitaki kupita bila kuhesabiwa. Naomba watu warudi kwenye mistari yao, yeye arudi ukutani, tuhesabiwe."

"Wewe ni kichaa," Mjomba alisema, karibu kwa heshima.

Msimamizi alikuja, nikasikia viatu vyake. "Binti, unajua unachokiomba? Hesabu ikienda kwake, sitaifuta."

"Najua."

"Katibu, andika kwamba ameomba mwenyewe."

Nilimsikia Mheshimiwa akirudi mahali pake. Aliuliza, "Kwa nini?"

"Udiwani wa kupewa na shingo yako siutaki."

Hakucheka.

Filimbi ya pili. Waliuanza mstari wake, uliokuwa umejipanga upya uwanjani kwenye mvua. Moja. Mbili. Tatu. Sauti za watu ninaowajua: muuza viazi, mwalimu wa darasa la kwanza aliyenifundisha kusoma, Mweka Hazina. Kisha nikasikia, "Ishirini na nne." Ilitamkwa haraka, bila mzaha wowote, kama mtu anayetaja namba ya nyumba ya mwingine. Ningeijua sauti hiyo katikati ya kiwanda. Ilikuwa ya Kinyozi.

Mstari wake ulifika sabini na moja.

Ukaanza wangu. Moja ilisemwa na bibi aliyeuliza kuhusu Mustakabali. Zilifuata sauti ambazo sikuzitegemea kabisa, watu waliokuwa wakitafuta vitu chini ya meza. Nilikuwa nimefumba macho. Thelathini. Arobaini. Mstari ulianza kulegea, sauti zikawa zinaachana, nikadhani unakwisha. Hamsini na moja. Hamsini na mbili. Pakawa na pengo.

"Hamsini na tatu," Mama alisema, kwa sauti ile ile anayoombea uzi mweusi.

Baada ya hapo masikio yangu hayakushika namba yoyote. Najua tu kwamba ziliendelea, kwa sababu Msimamizi alipotangaza, alisema sabini na nane.

"Sasa mnaweza kugeuka," alisema.

Nikageuka. Walikuwa wamebanana barazani mpaka kona ya mwisho, na katikati yao Mama, mfuko wa plastiki kichwani, sindano mbili bado zimechomekwa kifuani kwenye gauni lake.

Aprili 19

Sikuweza kuongea na Mama jana, watu walikuwa wengi. Leo nilianza kumshukuru, akanikata.

"Ulipoomba tuhesabiwe, unajua nilitaka kukufanya nini?"

"Mama, ilikuwa ni suala la..."

"Nimefunga kibanda, nimekuja mbio mvua ikininyeshea. Nimesimama mbele ya watu wote, Mwenyekiti ananitazama, mjomba wako ananitazama. Tayari umeshinda! Halafu unasema turudi! Mimi nimelowa ili ushinde, sikulowa ili uwe mtu mwema."

"Na kama ningeshindwa?"

"Ungehamia kwa Mjomba." Alikata uzi kwa meno. "Pengo lile umelisikia?"

"Kabla ya hamsini na tatu? Ndiyo."

"Nilikuwa nafikiria sare za shule." Akasukuma pedeli, cherehani ikaanza kunguruma. "Halafu nikaona, wote wameshaniona. Bora waniandike."

Aprili 22

Nimekwenda kwa Kinyozi. Alipokuwa akiniona kwa mbali siku hizi mbili tatu alikuwa anapata wateja ghafla. Nilikaa kwenye kiti na kumwambia apunguze nywele, ziwe fupi kabisa. Alinifunga kitambaa shingoni. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyoa kimya.

"Ulisikia," alisema hatimaye.

"Ishirini na nne."

"Nina watoto, Digrii. Kibanda hiki..."

"Najua kibanda hiki ni cha nani."

"Mama yako naye ana kibanda."

"Naye najua."

Mashine ilizima, akaishika bila kuiwasha. "Sasa utanifanya nini?"

Swali hilo limenikaa kichwani mchana kutwa. Tangu Jumamosi ninaweza kumtaja kila mtu aliyekuwa upande ule, sauti kwa sauti, bila kujitahidi. Mjomba anajua. Jana aliniambia, kwa furaha ya mtu anayetoa zawadi, "Umeona faida ya mlolongo, mpwa wangu? Sasa unawajua." Nilichukia kwamba alikuwa sahihi.

"Utanimalizia kunyoa," nilimwambia Kinyozi. "Umeacha upande mmoja."

Aprili 24

Mheshimiwa amemleta mwenyewe fundi wa kupima mfereji. Amesema bado ana miezi kadhaa ofisini na hataki niupate msumari wote peke yangu. Alimsalimia Mama, akamuuliza habari za sare za shule. Mkataba hakuugusa. Ila alipokuwa akiondoka alisimama kwenye mvua ndogo akaniuliza, "Ulijuaje kwamba wanafuata paa?"

"Sikujua. Nilikisia tu."

"Mimi nilikaa miaka yote hii bila kukisia," alisema, akakunja suruali yake.

Aprili 28

Mvua zinaelekea ukingoni. Mfereji umechimbwa mpaka kibanda cha Kinyozi, na maji, kwa mara ya kwanza, yanapita bila kuingia ndani.

Leo nimekwenda ofisini kwa katibu wa tawi. Nilimkuta anabandika picha yangu ukutani, kalenda moja ya zamani ikiwa imebanduliwa ili ipate nafasi. Jambo hilo halijawahi kutokea ofisini humo. Nilimkabidhi pingamizi langu la mlolongo, kurasa zile zile nne, nikiwa nimebadilisha tarehe tu na kuongeza aya moja ya kuisifu kanuni ya ukuta na mwenye kuitunga.

Mjomba alilitazama, akanitazama mimi, akalitazama tena.

"Umeshinda kwa mlolongo. Leo unaupinga mlolongo?"

"Ndiyo, Mjomba. Safari ijayo nataka sanduku. Sitaki kumsikia mtu akitaja namba yake."

"Hata wa kwako?"

"Hasa wa kwangu."

Alichukua kalamu, akaisogeza pembeni mwa ukurasa wa kwanza, pale pale alipoandika mara ya mwisho. Nikavuta benchi, nikalitoa kwenye dirisha linalovuja, nikakaa mbele yake.

"Soma mpaka wa nne, Mjomba. Leo nina muda."

Akaweka kalamu chini, akavaa miwani, akaanza.